Chupa Kumi na Mbili Juu ya Toroli

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na mahali panapotakiwa r pengine mtakuta l, kwa kuwa ndivyo ulimi wetu wa Kirundi unavyonichezea. Nilisoma hadi darasa la saba tu, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na nikishika kalamu huchoka haraka kuliko nikishika brashi. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua siku tatu. Msomaji mwenye haraka anisamehe.

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoosha vyombo vya maabara hapa Sydney. Najua mpo. Mmoja wenu nilimsikia kwenye treni akimlalamikia mwenzake kwa Kiswahili kuhusu chupa zilizoganda uchafu usiotoka. Nilitaka kumwambia aziloweke kwanza katika maji baridi, nikaona haya, akashuka Granville. Basi namwambia hapa.

Watu wakisikia nimestaafu wananitazama kichwani kutafuta mvi. Nina miaka thelathini na mbili. Daktari wa mapafu alisikiliza kifua changu, akauliza navuta hewa gani kazini, nikamtajia klorini na mvuke, akasema basi. Wengine hustaafu kwa keki. Mimi nilistaafu kwa karatasi ya daktari.

Niliingia kazi hii kwa bahati. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya usafi, nikifagia ofisi za katikati ya jiji, nikatumwa kwa wiki moja kwenye chuo kikuu kimoja, maabara ya viumbe vya majini. Wiki moja ikawa miaka kumi. Siku ya kwanza nilimkuta Mama Wanza kwenye beseni, amevaa aproni ya mpira iliyofika chini ya magoti. Alikuwa Mkenya wa Machakos, karibu na miaka sitini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Lakini hapa usinizeeshe. Wakijua maana yake watanipa barua ya kustaafu.”

Alinifundisha kila kitu. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu ya moto yanaupika uchafu ukashika. Kisha sabuni na brashi ya shingo ndefu, ukizungusha chini kabisa ambako mvivu hafiki. Kisha maji ya bomba mara saba, na maji yaliyochujwa chumvi zote mara tatu. “Kile kitu wanapanda ndani ya chupa,” alisema, “kinaonja chenye umesahau.” Alinionyesha pia jinsi ya kujua chupa ni safi bila kuuliza mtu: iinamishe kwenye mwanga. Maji yakiteleza kwa pamoja kama shuka, ni safi. Yakisimama matone matone, rudia. Sijawahi kufundishwa jambo lolote lenye jibu lililo wazi namna hiyo.

Kulikuwa na jungu kubwa la mvuke la kuulia vijidudu, ambalo wenyewe huliita otoklevu. Mimi na Mama Wanza tuliliita Bwana Mkubwa, kwa kuwa lilipiga kelele kutwa na hakuna aliyethubutu kulifungua kabla halijatulia.

Na kulikuwa na toroli. Toroli la chuma, magurudumu manne, lilikaa ukumbini kando ya mlango wetu, chini ya dirisha. Watafiti waliweka juu yake chupa walizomaliza nazo, sisi tukazichukua. Unatia dawa ya klorini, unasubiri nusu saa kilicho ndani kife, unamwaga, unaosha. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeeleza. Wala hakukuwa na karatasi ukutani.

“Kama iko kwa toroli, imekufa,” alisema Mama Wanza. “Usiulize maiti jina.”

Mwaka wa kwanza niliuliza. Chupa moja ilikuwa na rangi nzuri mno, nikaenda nayo hadi kwenye meza ya mtafiti, nikamuuliza kwa Kiingereza changu kama amemaliza nayo. Hakuinua kichwa. Akasema, si nimeiweka kwenye toroli? Wanafunzi wawili wakacheka. Labda hawakunicheka mimi. Lakini tangu siku hiyo sikuuliza tena, na nikajisifu moyoni kwamba hiyo ndiyo adabu ya kazi.

Mama Wanza aliondoka miezi michache kabla ya korona. “Mimi naenda kufuga kuku,” akasema. “Wewe baki na Bwana Mkubwa.” Chumba kikawa kikubwa ghafla. Nilikuwa sijajua kwamba mazungumzo yangu yote ya siku yalikuwa na mtu mmoja.

Ndipo akaja Daktari Radka, mtafiti kutoka Bulgaria, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, amebeba chupa zake mwenyewe ndani ya sanduku kana kwamba Australia hakuna chupa. Siku ya pili nilimkuta kwenye beseni langu, amekunja mikono ya shati, anasugua. Tuliongea Kiingereza, chake kibovu kidogo na changu kibovu zaidi. Hapa nakiandika kwa Kiswahili, kinapendeza kuliko kilivyokuwa.

“Daktari, acha. Hiyo ni kazi yangu.”

“Kazi yako? Wewe unaosha chupa tu?”

“Ndiyo.”

“Kutwa nzima?”

“Kutwa nzima.”

Alicheka, si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba ina mfanyakazi wa kufungua madirisha. Kwao, alisema, profesa anaosha, mwanafunzi anaosha. Mirija ya plastiki ya kutumia mara moja wao huiosha hadi namba zake zinafutika. Umeme ukikatika, wanabeba sampuli kwenye ndoo hadi kwenye jokofu la mchinja nyama wa mtaani. Akaendelea kuosha chupa zake mwenyewe miezi yote, na mimi sikumkataza tena.

Nilishangaa. Kambini tulipotaja Ulaya tulimaanisha mahali pamoja, kule yanakotoka mablanketi. Sikujua kuna Ulaya inayoiomba Ulaya.

Alinieleza siku moja, sisi wawili tumekaa pande mbili za mlango, kila mtu na barakoa yake. Nchi zao zote huchangia fungu moja la umma kwa ajili ya utafiti. Lakini wenye maabara nzuri ndio wanaoandika maombi mazuri, kwa hiyo wao ndio wanaopewa, na mwaka unaofuata maabara zao ni nzuri zaidi. “Sisi tunabaki kuwapelekea vijana wetu wenye akili,” alisema. Basi wakatenga sehemu kwa ajili ya nchi zilizoachwa nyuma, kwa sharti kwamba maabara ndogo ishikane mkono na iliyotangulia, ijifunze kwake. Maabara yao ya watu wanne ilikuwa imeshikana na moja kubwa ya Ujerumani, na hiyo ilikuwa na ushirika na yetu, yenye matangi ya kukuzia mwani. Ndiyo sababu alitumwa mbali hivyo, kwa miezi sita.

Alileta mwani mdogo usioonekana kwa jicho, wa ziwa la chumvi karibu na Bahari Nyeusi. Ukiupa chumvi na jua kali unageuka kuwa rangi ya chungwa, na rangi hiyo ina faida kwa dawa na vyakula. Yeye na mwalimu wake walikuwa wameukuza ukoo huo mmoja, wakichagua ulio bora, kwa miaka kumi na moja.

Miezi sita haijaisha, mipaka ikafungwa. Kule kwao jengo likafungwa pia, umeme ukakatika siku ambayo hapakuwa na mtu wa kubeba ndoo, na mwani wa nyumbani ukafa wote. Uliobaki duniani ulikuwa kwenye chupa kumi na mbili katika chumba chetu cha mwani. Mwisho wa mradi wakaguzi wangeangalia: je, hawa wadogo wamejifunza? Ikiwa ndiyo, wangepewa awamu ya pili. Ikiwa hapana, wale wanne wangetawanyika, na mwalimu wake wa miaka sabini angefunga mlango.

Kipupwe cha mwaka wa pili wa korona kilikuwa kibaya kwetu wa magharibi ya jiji. Helikopta zilizunguka juu ya Guildford, mtaani kwangu. Kutoka mtaani kwenda kazini nilihitaji kibali, na polisi wa stesheni alikisoma kama mtu anayejifunza kusoma. Behewa zima lilikuwa langu, nikichagua kiti kama tajiri. Nilipanga chumba cha uani kwa familia ya Walebanoni. Mama mwenye nyumba aliacha bakuli la supu ya dengu mlangoni, akagonga, akakimbia. Kazini walitutenga kwa zamu: watafiti asubuhi hadi saa sita, mimi kuanzia saa saba, ili pumzi zetu zisikutane. Siku kumi na moja sikutamka neno la Kiswahili kwa sauti. Siku ya kumi na mbili niliyasalimia mabeseni.

Alhamisi moja niliingia nikakuta chupa kumi na mbili juu ya toroli.

Zilikuwa zimezibwa kwa pamba. Kimiminika kilikuwa rangi ya chungwa, na shingoni chumvi imekauka nyeupe. Zilikuwa za Radka, ambaye hajawahi kuweka kitu kwenye toroli. Nilizungusha kizibo kimoja, nikanusa. Kilichokufa hunuka. Hizi zilinukia bahari.

Namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wake. Nilienda kwenye simu ya ukutani, nikashika mkono wa simu, nikapanga sentensi kichwani. Samahani daktari, je, umemaliza. Nikakisikia tena kile kicheko cha wanafunzi wawili. Nikarudisha simu mahali pake.

Nilitoa vizibo, nikavitia kwenye mfuko wa vitu vya kupelekwa kwa Bwana Mkubwa, nikamimina klorini. Rangi ya chungwa ilipauka mbele ya macho yangu ikawa kama maji ya mchele. Nikaosha vizuri sana. Maji yaliteleza kama shuka.

Kesho yake Radka alikuwa anasubiri mlangoni, saa nzima baada ya zamu yake kuisha.

“Chupa zangu ziko wapi?”

Nikamwonyesha kwenye rafu. Zilimetameta.

“Umeziosha.”

“Zilikuwa kwenye toroli, daktari.”

“Taa za chumba cha mwani ziliharibika. Fundi haruhusiwi kuingia. Niliziweka pale dirishani zipate jua.”

“Toroli ni la vitu vya kuoshwa. Kilicho juu yake kimekufa.”

“Nani kasema?”

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani. “Kwetu,” alisema taratibu, “toroli ni meza yenye magurudumu.” Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angepiga.

Jioni meneja wa maabara alinipigia kutoka nyumbani kwake. Sauti yake ilikuwa ya upole. “Usijali, hujakosea. Kila mtu anajua maana ya toroli. Niandikie mistari miwili tu: ulizikuta kwenye toroli, ukaziosha.”

“Na Daktari Radka?”

“Tutawaandikia washirika kwamba lilikuwa kosa la mgeni. Mambo hutokea.”

Nilijua wakaguzi watasoma nini hapo: hawa wanaopewa hawawezi hata kutunza chupa zao. Na nilijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Nikampigia Mama Wanza. Machakos kulikuwa mchana, kuku wakisikika nyuma yake. Nikamsimulia.

“Ati ulishika simu ukaiweka?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwani ilikuwa moto?”

Nikahamishia simu sikio la pili.

“Na mimi pia,” akasema Mama Wanza, “nilikujaza hiyo maneno ya maiti. Sasa umewaambia?”

“Wamesema niandike mistari miwili.”

“Na wewe unajua iko mingapi?”

Nilianza kuandika Jumamosi asubuhi, kwa Kiingereza, kamusi kando. Nani hasa angeniamini nikisema nilijua? Lakini niliandika hatua kwa hatua kama ninavyoosha, kwa kuwa sijui namna nyingine. Nilizikuta. Nilinusa. Hazikuwa na harufu ya kufa. Nilishika simu. Niliirudisha kwa sababu niliona haya. Hakuna aliyewahi kumwambia mgeni huyu sheria ya toroli, wala mimi. Nilitoa vizibo nikavitia kwenye mfuko.

Hapo nikaacha kuandika.

Wakati wa korona Bwana Mkubwa alikuwa akiwashwa mara moja tu kwa wiki, Jumatatu. Vizibo vilikuwa bado mfukoni, vikavu, na chumvi ya shingoni imevishika. Mwani ule ulizoea ziwa linalokauka. Sikujua sayansi yoyote. Nilijua tu kwamba nilikuwa sijaviosha.

Simu yangu ilikuwa mezani. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Sikupanga sentensi yoyote. Nilibonyeza namba yake, ile ya mlangoni niliyokuwa nimeikariri.

“Daktari, ni mimi wa kuosha.”

“Najua.” Sauti ya mtu aliyelia au aliyelala.

“Vizibo. Vizibo vya pamba. Sijaviua.”

Nikadhani Kiingereza changu kimenitupa.

“Rudia,” alisema.

“Viko kwenye mfuko. Vina chumvi. Jumatatu vinachemshwa.”

“Usiviguse,” akasema, kisha akasema maneno ya Kibulgaria ambayo hayakuwa ya kuniambia mimi. “Jumatatu nitakuwa mlangoni. Na wewe uje asubuhi, nitakuombea ruhusa mimi.”

Jumatatu tulifungua mfuko pamoja, kinyume cha sheria ya zamu, madirisha yote wazi, tukitetemeka kwa baridi. Vizibo kumi na viwili. Kwenye vingine chumvi ilikuwa na wekundu hafifu, au tulitaka iwe nao. Alilowesha kila kimoja kwenye maji mapya ya chumvi, katika chupa nilizosuuza kwa maji yaliyochujwa mara kumi badala ya tatu. Akaziweka dirishani, safari hii kwenye meza.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Nilikuwa nafika kazini nikipita dirishani kwanza, kabla ya kuvua koti, na kila siku nilikuta kikaratasi cha Radka cha zamu ya asubuhi: bado. Meneja alisoma maelezo yangu, kurasa mbili na nusu. Aliniuliza kwa nini nimeandika yote hayo wakati alishanisaidia. Nikapewa barua ya onyo, ninayo bado. Lakini alikuwa mtu wa haki kwa namna yake: aliambatanisha kurasa zangu kwa washirika bila kukata neno, na karatasi ikabandikwa juu ya toroli kueleza toroli ni nini.

Siku ya ishirini na tatu hapakuwa na kikaratasi. Niliinua chupa moja moja kwenye mwanga. Kumi na moja zilikuwa maji. Ya tisa ilikuwa na ukijani, kidogo tu, kama mtu amechovya jani akalitoa.

Radka hakuweza kufufua kazi aliyokuwa ameifanya. Vipimo vya mwaka mzima vilipotea, na mwani ule ulikua polepole kama mgonjwa. Alianza upya na chupa moja. Kuanzia hapo alibandika kikaratasi kila mchana, hata pasipo na habari. Ubavu wa kushoto wa mgonjwa wetu umepona, aliandika mara moja, nikacheka peke yangu. Nilianza kumwachia vyangu. Sijui kama hiyo inaitwa urafiki. Tangu barakoa zianze, uso wake mzima niliuona mara moja tu, kupitia dirishani, akila tufaha bustanini bila barakoa. Alikuwa na mwanya niliokuwa nimeusahau. Nisingemtambua mtaani.

Mipaka ilipofunguliwa aliondoka na mirija mitatu ya mwani na bahasha nene ya vibali. Siku ya mwisho aliniomba nimfundishe jaribio la maji yanayoteleza kama shuka. Akaliandika kwenye daftari lake, na jina langu chini, akiniuliza kila herufi. Kisha akaosha beseni langu.

Kadi moja ilinifikia. Mirija miwili ilikufa njiani, wa tatu ulikuwa bado haueleweki, na wakaguzi walikuwa wamesoma kurasa zangu lakini hawajaamua. Baada ya hapo kifua changu kikanitoa kazini, na barua za kazini hazifuati mtu. Nilimwandikia mara mbili. Hakuna jibu. Labda anwani niliikosea. Labda mlango ulifungwa.

Kwa hiyo nina ombi. Wageni wa mradi ule na mingine kama huo bado wanakuja kwenye maabara zenu. Ukimkuta anayeosha chupa zake mwenyewe, muulize anatoka wapi. Akisema Bulgaria, muulize kama kuna maabara ndogo karibu na ziwa la chumvi, na kama ndani yake kuna chupa ya rangi ya chungwa. Kisha niandikie. Lile duka la vyakula vya Kiafrika karibu na stesheni ya Guildford wananijua. Acha barua kaunta, useme ni ya yule wa kuosha. Kama mwani u hai, mstari mmoja unatosha. Kama umekufa, niandikie vilevile, na uniambie na wewe unaitwa nani.